Nakili kwa Jirani: Jinsi ya Kuchagua Intaneti ya Nyumbani Nairobi Bila Kulinganisha Chochote

Unataka intaneti ya nyumbani, uko Nairobi, na umeshauriwa ukae chini ulinganishe bei. Usikae. Anayekaa chini kulinganisha Safaricom, Zuku, Faiba, Airtel, Poa, Liquid na Starlink huinuka na jedwali la kupendeza, na kesho yake asubuhi bado ananunua bando la simu. Mimi nakupa njia ya mkato. Utanakili, kama watu walivyokuwa wakinakili hesabu darasani, ila hapa hakuna mwalimu wa kukushika na jibu litakuwa sahihi. Tena nyumbani watasema wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Sifa hiyo ipokee kwa mikono miwili.

1. Soma ngazi kabla ya kusoma bei

Jedwali la bei linakuonyesha kampuni saba. Jengo lako pengine lina mbili. Waya wa faiba haufiki kwa kupenda kwako: lazima kampuni ivute kebo kutoka kwenye nguzo ya barabarani, ikubaliane na mwenye nyumba, itoboe ukuta na kufunga kisanduku. Wako wenye nyumba walioruhusu kampuni moja tu, na hapo mjadala umekwisha hata kabla hujafungua tovuti ya yeyote.

Kwa hiyo panda ngazi polepole ukitazama ukutani. Utaona visanduku vidogo vya plastiki, vingi vina jina la kampuni, na humo hutoka nyaya nyembamba, nyeusi au nyeupe, zinazopanda na kuingia juu ya fremu za milango. Hesabu nyaya zinazoingia ndani, usihesabu visanduku. Kisanduku kisicho na waya hata mmoja ni tangazo tu. Halafu tafuta nyaya zilizokatwa zikaachwa zinaning'inia. Ukikuta za kampuni moja zinaning'inia kwenye milango mitatu, na nyuma ya milango hiyo watu bado wanaishi na TV inasikika, umeshasoma maoni ya wateja. Hakuna tovuti itakayokueleza zaidi ya hapo.

Ukishuka, msalimie msimamizi wa jengo vizuri, umwulize hali ya nyumbani, kisha umtupie swali moja: "Mzee, mafundi wa waifai wanaorudirudi hapa ni wa kampuni gani?" Usimwulize ipi ni nzuri, kwa sababu huenda kuna ambayo yeye huiletea wateja na akapata chake. Mwulize wanaorudirudi. Atakujibu papo hapo, maana yeye ndiye hufungua geti, hushika ngazi na kukemewa na wapangaji mtandao ukipotea.

2. Chagua wa kunakili kwake

Usimnakili yeyote tu. Mtafute jirani wa ghorofa yako, au wa chini yako, ambaye anafanya kazi nyumbani au ana watoto wakubwa. Huyo amelipa ada ya kujifunza kwa niaba yako. Mpangaji anayeishi peke yake na kurudi saa nne usiku atakwambia mtandao uko sawa, naye atakuwa mkweli, lakini hautumii.

Namna ya kuuliza ni muhimu kuliko swali lenyewe. Ukimwambia mtu, "Waifai yako ni nzuri?" atasema ni nzuri sana. Anailipia kila mwezi, na hakuna binadamu anayependa kuonekana amenunua kibaya. Sema hivi: "Jirani, ya kwenu huwa inawasumbua saa ngapi?" Sasa umempa heshima ya kulalamika, na kulalamika kuna ukweli mwingi. Jibu la "sanasana usiku, saa mbili hivi mpaka saa nne" lina thamani kuliko Mbps zote zilizoandikwa kwenye bango.

Sababu ya usiku kuwa mgumu inafaa uijue, utaitumia kujigamba. Waya unaoingia mlangoni kwako si wako peke yako hadi kwenye kampuni. Katika mitandao mingi ya faiba za nyumbani, uzi mmoja wa kioo hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na nyumba zote hizo hugawana uwezo wa karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde. Huo ni uwezo mkubwa, na kwa kawaida unatosha. Tatizo hutokea pale kampuni ilipouza kuliko njia kuu yake inavyobeba, na hilo huonekana mtaa mzima ukifungua video kwa pamoja. Mtandao wa 5G wa ruta ya kuchomeka hubanwa hivyo hivyo, kwa sababu mnara mmoja unahudumia kila simu na kila ruta iliyo karibu nao.

Kwa hiyo omba kupima. Ifikapo saa tatu usiku bisha hodi ukiwa na kitu mkononi, hata mkate. Omba paswadi, simama karibu na ruta, pima kasi. Kisha fanya kipimo ambacho wauzaji hawakipendi: mpigie simu ya video shangazi yako aliye Doha au Minnesota, muongee dakika kumi. Kipimo cha kawaida cha kasi mara nyingi huchagua seva iliyo hapahapa Nairobi, na YouTube nayo huhifadhi nakala za video hapahapa mjini, hivyo vyote viwili vinaweza kukimbia vizuri huku njia ya kwenda nje ikiwa imebanwa. Sura ya shangazi ikianza kuganda, umepata jibu, na shangazi naye kajuliwa hali.

3. Kariri bei tatu tu

Kwenye mazungumzo utahitaji namba. Kariri tatu, zinatosha kumnyamazisha mtu yeyote kwenye harusi.

Ya kwanza ni 2,999. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kifurushi cha kuanzia cha faiba ya nyumbani ya Safaricom mwaka 2024, na washindani wengi walijipanga kando yake. Sema pia kwamba mwaka huohuo kampuni hiyo iliongeza kasi bila kugusa bei: kilichokuwa Mbps 10 kikawa 15 kwa bei hiyohiyo, cha shilingi 4,100 kikatoka 20 hadi 30, cha 6,299 kikatoka 40 hadi 80. Ukisema hivyo, mtu mmoja mezani atatoa simu kuangalia kama yeye aliongezewa. Mwache aangalie, kuna faida humo. Bei za intaneti mjini hupungua kwa njia hii: namba ya shilingi hukaa palepale, kasi ndiyo husogea. Ukiwa mteja wa miaka mingi wa kampuni yoyote, piga simu uulize kama kifurushi chako bado kinauzwa kwa wapya, na wapya wanapewa nini. Swali hilo halina gharama.

Ya pili ni 1,500. Kiasi hicho ndicho Poa walichojengea jina Kibera na Kawangware, kwa intaneti ya nyumbani isiyohesabu megabaiti. Watu wa mitaa mingine huikunjia uso kwa sababu ya mahali ilipoanzia. Usiwe mmoja wao. Kama minara yao inafika kwako, na kazi yako ni WhatsApp, masomo ya watoto na video za kawaida, karibu 1,500 inayobaki mfukoni ukilinganisha na ile 2,999 ni karibu shilingi 18,000 kwa mwaka. Mwenye kiburi anazilipa kampuni nyingine.

Ya tatu ni 6,500, ada ya mwezi ya Starlink ya nyumbani ilipokuja Kenya Julai 2023, mbali na bei ya dishi lenyewe. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu dishi juu ya paa lina hadhi yake. Lakini elewa chombo hiki. Setilaiti zake ziko juu kama kilomita 550, na kila moja inagawa uwezo wake kwa wote walio kwenye eneo inalolimulika. Watu wakiwa wachache, kila mmoja anashiba. Wakiwa Nairobi, ni hesabu nyingine: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Tena dishi linataka kuona anga wazi. Kama uko ghorofa ya pili Pipeline, na dirisha lako linatazamana na dirisha la jirani, setilaiti haikuhusu. Kama umejenga Kamulu au ndani ya Kitengela, na nguzo ya faiba iko mbali, hiyo ndiyo intaneti yako, mradi wanapokea wateja wapya huko, na ilipe bila kunung'unika.

4. Nunua ndogo kabisa, usimwambie mtu

Huu ndio udanganyifu ninaoupenda kuliko yote. Chukua kifurushi kidogo ambacho jirani anakitumia bila kulalamika. Wageni hawaulizi Mbps. Wanauliza paswadi.

Ukitaka kuhakikisha, hesabu ni rahisi. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa video safi ya HD na 15 kwa ile ya 4K. Simu ya video ya kazini ikichukua 3 au 4, na mtoto akitazama katuni kwa 5, bado laini ya Mbps 15 ina nafasi. Mbps 100 kwenye nyumba ya watu wanne hubaki kazini dakika chache kwa siku, pale simu inapopakua programu mpya. Na ukitaka kujua faili litachukua muda gani, gawanya kasi kwa 8, kwa sababu kasi huuzwa kwa biti na mafaili hupimwa kwa baiti. Laini ya 15 huvuta chini kidogo ya megabaiti 2 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti 1 ni kama dakika tisa. Chemsha chai, itakuwa tayari.

Tofauti ya kifurushi cha 2,999 na cha 4,100 ni shilingi 1,101 kwa mwezi, yaani 13,212 kwa mwaka. Ziweke. Tutazihitaji mbele.

5. Kumshawishi mwenye mfuko

Kama pesa ziko kwa mwenzako, usianze kuhubiri teknolojia. Kila mtu mwenye simu nyumbani atoe taarifa yake ya M-Pesa ya mwezi uliopita, mjumlishe bando na kredeti tu. Watu wanne wakinunua bando la shilingi 50 kila siku, hizo ni 6,000 kwa mwezi, na hakuna aliyewahi kuziona kwa sababu ziliondoka kwa vipande. Weka karatasi mezani, nyamaza. Usiongeze neno.

6. Siku ya fundi

Fundi akifika, uwe umeshaamua ruta inakaa wapi. Asipoelekezwa ataifunga palipo karibu na mlango, nyuma ya TV, kwa sababu hapo ndipo waya unapofikia na yeye ana nyumba nyingine tano za kumaliza. Wewe unaitaka katikati ya nyumba na juu, hata kama ni kwenye korido pasipo na mgeni wa kuiona. Kuta za mawe za Nairobi zinakula mawimbi, hasa yale ya 5 GHz ambayo ndiyo ya kasi. Mtu hulipia kifurushi kikubwa zaidi kwa sababu chumbani hapashiki, kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni mita nane za waya.

Omba hizo mita nane kabla hajafungua begi, ukiwa umemletea soda. Kisha kaa umtazame, kwa sababu kazi yake ni nzuri kuitazama. Atamenya waya mpaka abaki na uzi wa kioo usiozidi robo ya milimita, aufute kwa spiriti, aukate kwa kifaa kidogo kinachotoa mkato mnyoofu, aulaze kwenye mashine ukikabiliana na mwenzake. Kwenye kioo cha mashine utaona ncha mbili zikisogezwa zikutane, cheche inaruka, na uzi umekuwa mmoja. Baada ya hapo hutausokota waya huo kuzunguka mguu wa meza. Ukikunjwa sana, mwanga unavuja, na kioo kikivunjika ndani, nje huoni kitu.

Kabla hajaondoka, mwambie akuonyeshe taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Hiyo taa ndiyo itakayokuokoa kwenye hatua ya nane.

7. Stima

Chukua sehemu ya zile 13,212, ununue betri ndogo ya ruta, ya volti 12 kwa ruta nyingi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba waya wa faiba kati ya kituo cha kampuni na mlango wako kwa kawaida hauhitaji umeme popote njiani, ni mwanga tu unaopita kwenye kioo. Stima ikipotea mtaani, kampuni ikiwa na jenereta kwenye kituo chake, laini yako iko hai. Iliyozimika ni ruta. Betri ndogo itaibeba kwa saa kadhaa, na jengo zima litakuwa gizani huku wewe ukiendelea na mkutano. Usifiche. Hapa ringa.

8. Kupiga simu ya malalamiko

Zima ruta, uwashe, subiri dakika mbili. Fanya hivyo kweli, maana ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa. Kisha anza simu kwa kusema: "Nimeshazima na kuwasha, taa ya LOS ni nyekundu." Sentensi hiyo inaruka maswali yote ya mwanzo, kwa sababu anayekusikiliza sasa anajua tatizo liko kwenye waya na anahitajika fundi. Kama LOS haijawaka nyekundu na bado hupati mtandao, sema hivyo pia, hilo ni tatizo la upande mwingine.

Njia ya mkato ya kweli iko kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Mtandao ukipotea, watu watatu wapige ndani ya robo saa moja, kila mmoja na namba yake ya akaunti. Mteja mmoja ni malalamiko, wateja watatu wa jengo moja ni hitilafu ya eneo, na hitilafu ya eneo ina foleni yake. Hakuna uongo hapo. Mmepanga saa tu.

Zipo siku ambazo hakuna simu itakayosaidia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na nchi nyingi za ukanda huu zikapunguziwa mtandao, Kenya ikiwemo. Kampuni zilizokuwa na nafasi kwenye kebo nyingine zilihamisha wateja haraka, nyingine zikasubiri. Kwa hiyo kama kazi yako inategemea intaneti, laini ya pili iwe ya kampuni nyingine na ya njia nyingine: faiba na ruta ya 5G. Faiba mbili zinazopita nguzo moja zitakatwa na lori moja.

9. "Isiyo na kikomo"

Uliza swali moja tu kabla ya kulipa: "Nikishavuka matumizi mliyoweka, kasi inashuka hadi ngapi?" Vifurushi vingi vina kiwango, na baada yake laini haizimwi, inapunguzwa. Akikujibu kwa namba, andika. Akikwambia usijali, jali.

10. Ukihama

Fanya haya kabla ya kulipa dipoziti ya nyumba, siyo baada. Watu huingia nyumba mpya, wakakagua maji, wakakagua mita ya tokeni, wakafungua kabati za jikoni, halafu wiki ya pili wanagundua kwamba hakuna faiba na mtandao wa simu unashika kwenye veranda pekee. Siku ya kuangalia nyumba, pitia ngazi kwanza. Ndani, ingia chumba cha kulala, funga mlango, pima mtandao wa simu ukiwa kitandani au mahali kitanda kitakapokaa. Mwulize dalali ni kampuni gani ziko hapa, kisha umwulize msimamizi wa jengo swali hilohilo dalali akiwa mbali. Ipigie simu kampuni yako ya sasa, uwape jina la jengo, uulize kama akaunti na ruta vinaweza kuhamia huko na kwa gharama gani, wakutumie jibu kwa ujumbe. Ukishapata majibu hayo, rudi kwa mwenye nyumba muongee kodi. Kama jengo halina faiba, mwambie hivyo waziwazi na uombe apunguze, au akubali kwa maandishi kuingiza kampuni unayoitaka. Wengi hukubali, kwa sababu mpangaji ajaye atauliza vilevile.